Beseni

Mpira wa ndani nausoma kwa maji.
Naujaza upepo, nauzamisha beseni,
nauzungusha polepole, shubiri kwa shubiri,
mpaka pale panapotoa povu moja dogo
kama mtoto anayetoboa siri.
Hapo natia alama kwa kalamu ya wino.
Miaka kumi na tisa, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
hakuna tundu lililonishinda.

Mwaka huu mpira ni mimi.

Asubuhi najazwa: uji, salamu,
jua la Tanga lisilo na haya.
Ikifika adhuhuri nimelala juu ya rimu.
Mwanaidi anauliza, "Mbaruku, kinakuuma nini?"
Sijui. Mkono hauumi. Tumbo haliumi.
Chai ya tangawizi imekuwa maji ya moto tu.
Spana namba kumi na nne nainyanyua kwa mikono miwili.
Juzi nililia nikikaza nati.
Nani analilia nati?

Jirani yangu Shehoza kasema ni uvivu.
Shangazi Tawa kasema nilipita mapango ya Amboni
bila kupiga hodi, wenyewe wamenifuata.
Maalim akanisomea, nikapoa siku mbili.
Siku mbili zile nazishukuru mpaka leo.

Bombo, chumba cha mwisho, ukishapita dirisha la dawa:
Dakta Mntangi, binti mdogo, kidoleni ana wino kama mimi.
Hakuuliza wapi panauma.
"Unaamka saa ngapi?"
Saa tisa usiku, kila siku,
kama niliyeajiriwa kuamka.
"Na kwenu, yupo aliyewahi kuwa hivi?"

Mama.
Mama alikuwa na msimu wake.
Aligeukia ukuta siku thelathini, arobaini,
buibui lake likining'inia msumarini
kama mgeni aliyekuja kumtazama akakosa la kusema.
Sisi tulisema, kachoka. Tukafunga mlango taratibu.
Kumbe hatukurithi kiwanja peke yake.

"Huenda," akasema dakta. Neno lake hilo, huenda,
analipitisha kama nipitishavyo msasa, bila kukwaruza.
"Huenda ni damu ya kwenu.
Huenda ni zile kemikali zinazopeleka habari ubongoni:
tarishi kachoka, barua zipo, nyumba hazifikiwi.
Huenda ni tezi ya shingo, hiyo tutaipima.
Na huenda ni yaliyokupata."

Yaliyonipata:
Kombo, mdogo wangu, mshika rimu upande wa pili,
tulimzika Jumanne, mvua inanyesha.
Jumatano nikafungua banda
kwa sababu mtu alikuwa na pancha.
Kisha bodaboda zikajaa, baiskeli zikatundikwa ukutani.
Na lile la zamani, nina miaka tisa,
nyuma ya bohari la mkonge, Pongwe,
ambalo hata dakta sikumwambia siku ile.

"Basi ni lipi?" nikamuuliza.
"Nitilie alama, kiraka nitabandika mwenyewe."
Akatazama mikono yangu.
"Fundi, hujawahi kuletewa mpira mkuukuu,
una miiba saba, umeliwa na jua, na vali imelegea?
Huo utasema ni mwiba upi uliomaliza upepo?"

Nikanyamaza. Nimeletewa.
Mwenye mpira wa namna ile humdanganyi.
Unamwambia: niachie. Njoo Alhamisi.

Sasa nameza kidonge cheupe saa mbili usiku,
kinanikausha mdomo.
Kila Ijumaa nampa dakta maneno, kidogo kidogo.
Ijumaa iliyopita tulifika mpaka lango la bohari,
tukarudi.

Upepo bado unatoka, sitasema hautoki.
Ila leo alasiri alipita binti na baiskeli ya kaka yake,
miguu haifiki kwenye pedeli, anayumba huku na huku,
nikajisikia nikisema,
"We, ilete hapa nikushushie kiti."

Nikakishusha.
Spana ilikuwa na uzito wa spana.